Kusoma Anga ya Lamu: Hewa Inapanda au Inashuka?

Ukitaka kujua kama leo ni siku ya kwenda Kizingitini au ya kubaki barazani, jiulize swali moja kabla ya mengine yote: hewa iliyo juu yangu inapanda au inashuka? Hewa ikipanda hupoa, mvuke uliomo hugeuka matone, wingu likajengeka na mvua ikaja. Ikishuka hupata joto, mawingu yakakatika na jua likawaka. Karibu kila nitakalolieleza hapa, tangu upepo wa alfajiri pale gati ya Mokowe mpaka ukame wa misimu mitano, msingi wake ni huo.

Mimi ni mwalimu wa jiografia niliyezaliwa katika nyumba ya manahodha. Baba yangu alipakia boriti za mikoko jahazini, akaenda nazo Uarabuni kwa upepo wa kusi na kurudi kwa upepo wa kaskazi. Yeye alizijua dalili. Mimi nikasomea sababu. Vijana wa boti wanaonijia jioni nataka wawe na vyote viwili, kwa kuwa chombo kikikutwa na dhoruba nje ya miamba hakina bandari ya kukimbilia papo hapo. Huu basi ni mwongozo wao. Utahitaji kipimajoto cha kawaida, kopo la bati, barafu kidogo, kipande cha leso, daftari, na simu kama unayo.

Upepo kwanza

Panda darini ufunge kile kipande cha leso kwenye mti unaopita ukuta. Usipime upepo chini mjini. Vichochoro vyetu ni vyembamba na kuta ni ndefu, upepo huingia ukapinda mpaka ukadhani kusi ni matlai, upepo wa mashariki. Tazama mara tatu kwa siku: baada ya sala ya alfajiri, alasiri, na baada ya isha. Andika unatoka wapi, kisha nguvu zake kwa maneno unayoyatumia chomboni: shwari, wa kupepea tu, wa kujaza tanga, wa kupunguza tanga.

Alfajiri mara nyingi utakuta umande, ule upepo mwepesi utokao bara. Usiku ardhi hupoa upesi kuliko maji. Hewa iliyo juu ya ardhi inakuwa nzito, inashuka, inatambaa kuelekea baharini. Mchana mambo hugeuka: nchi kavu ya bara, kule kwetu Hindi na Mpeketoni, inapata moto haraka, hewa yake inapanda, na ya baharini inaingia kuchukua nafasi. Ndiyo maana saa nane mchana ukisimama Shela unaona bahari haina wingu, na huku upande wa bara mawingu yamejipanga safu moja. Safu ile inakuonyesha hasa mahali hewa inapopanda. Usiku ukumbi unahamia baharini: umande unakutana na upepo wa msimu nje ya pwani, hewa inakosa pa kwenda isipokuwa juu. Kwa hiyo mvua zetu nyingi hunyesha usiku wa manane na asubuhi mapema. Mvuvi anayetoka saa kumi alfajiri aijue hii kabla ya kuzijua nyingine zote.

Upepo huu wa kila siku umelala juu ya pepo mbili kubwa. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, kwa kawaida Desemba mpaka Machi. Kusi hushika kuanzia Aprili au Mei mpaka Septemba. Katikati ni tanga mbili, wakati upepo haujaamua.

Chanzo cha zote mbili ni bara la Asia. Januari nchi zile zimepoa, hewa yake ni nzito, inashuka na kumwagika kusini kupitia baharini mpaka kwetu. Julai zimechemka, hewa inapanda, na hewa ya kusini mwa Bahari ya Hindi inavutwa kwenda huko. Kusi huanza safari yake mbali, karibu na visiwa vya Morisi na Réunion, ambako hewa hushuka kwa wingi. Mzunguko wa dunia nao unaupinda upepo: kusini mwa ikweta unapinda kushoto, kaskazini mwa ikweta unapinda kulia. Sisi tuko nyuzi 2 na robo tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo kusi linatupita, linavuka mstari, kisha linageuka kulia kuelekea Uarabuni na India. Mwaka 1969 mtaalamu aitwaye Findlater alieleza kwamba kilomita moja hivi juu ya vichwa vyetu kusi hilo ni mkondo wa kasi sana, mmoja wa mikubwa ya hewa ya chini duniani.

Nguvu ya jambo hili isome katika safari ya Vasco da Gama. Alitoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498 akiwa na mwongozaji aliyepewa pale Malindi, kusi likianza, akafika Calicut tarehe 20 Mei. Haukutimia mwezi. Wakati wa kurudi aliiacha pwani ya India mwanzo wa Oktoba, kaskazi bado, akafika Malindi Januari 1499. Miezi mitatu baharini, na mabaharia wengi wakafa kwa kiseyeye. Bahari ni ile ile na vyombo ni vile vile. Kilichobadilika ni mwezi.

Kitendawili cha Julai

Hapa ndipo wanafunzi wangu wengi hukwama, nami sipendi kupapita mbio.

Kaskazi hutoka kwenye nchi kavu, hivyo kutuletea siku kavu si ajabu. Kusi la Julai limepita juu ya bahari maelfu ya kilomita na limejaa mvuke. Kwa hesabu ya haraka, Julai ingekuwa mwezi wa mafuriko. Lakini mwezi wa mvua kubwa hapa na Malindi ni Mei. Julai tunapata rasharasha za asubuhi na vipindi vifupi, kisha jua. Mvuke upo, mvua iko wapi?

Jibu ni kwamba kusi la Julai linapita tu, halipandi. Linakwenda sambamba na pwani, halina mlima wa kuliinua wala upepo mwingine wa kukutana nao, na kadiri linavyoelekea Somalia linazidi kasi. Hewa ya mbele inaiacha ya nyuma, pengo linatokea, na hewa ya juu inashuka kulijaza. Upepo wenyewe pia unayavuruga maji ya juu ya bahari na kuyapoza, na juu ya maji baridi hewa hainyanyuki kwa urahisi. Mei ni tofauti. Aprili na Mei pepo za kusini na za kaskazini zinakutana kwetu, zinabanana, na hewa inasukumwa juu kwa upana wa mamia ya kilomita.

Kwa hiyo usihukumu mvua kwa unyevu peke yake. Leso yako ikinyooka kutwa nzima upande mmoja, tarajia bahari chafu na vipindi vifupi vya mvua. Ikibadili upande zaidi ya mara moja kwa siku, kisha ikalegea, na ni Aprili au Novemba, hapo inua macho.

Pima maji yaliyomo hewani

Mimina maji ya kawaida ndani ya kopo la bati, futa nje likauke, tia kipimajoto. Ongeza vipande vidogo vya barafu kimoja kimoja huku ukikoroga. Tazama nje ya kopo bila kulipulizia pumzi. Pale ukungu unapoanza kushika bati, soma kipimajoto: hicho ndicho kiwango cha umande cha hewa unayoivuta (umande hapa ni matone, si ule upepo wa alfajiri). Kisha soma joto la hewa kivulini. Toa kiwango cha umande kwenye joto la hewa, zidisha kwa 125, na umepata makadirio ya kimo cha chini cha mawingu ya mchana kwa mita. Hewa ikiwa nyuzi 31 na umande nyuzi 24, tofauti ni 7, wingu litaanza karibu mita 875 juu. Tofauti ikiwa 3, wingu linaanza mita 375, na msukumo mdogo tu unatosha kulileta.

Hesabu hii inafanya kazi kwa sababu hewa inayopanda hutanuka na kupoa. Kijana wa bodaboda Mokowe akitoa upepo kwenye gurudumu, ule unaotoka ni baridi kidoleni. Anga inafanya vivyo hivyo bila kuongezewa barafu. Hewa isiyo na wingu hupoa karibu nyuzi 10 kwa kila kilomita inayopanda, na kiwango cha umande nacho kinashuka, ila polepole. Vikikutana, wingu linazaliwa.

Ukikosa barafu, uulize mtungi. Mtungi wa udongo hupoza maji kwa kuvukiza yale yanayopenya nje. Siku kavu za kaskazi maji yake yanakata kiu vizuri. Hewa ikishiba mvuke, uvukizaji unakwama na maji yanabaki vuguvugu. Bibi yangu aliyaonja kabla ya kuanika samaki, na mpaka leo sijaona kipimo cha nyumbani kilicho rahisi kuliko hicho.

Kwa nini tujisumbue na mvuke kiasi hiki? Kwa sababu ndio mafuta ya dhoruba. Mita moja ya ujazo ya hewa iliyoshiba, kwa nyuzi 30, hubeba karibu gramu 30 za mvuke. Kwa nyuzi 20 hubeba karibu 17 tu. Ikipoa, zile 13 za ziada lazima ziwe matone. Kuugeuza mvuke kuwa matone kunatoa lile joto lililotumika kuyavukiza maji baharini, na joto hilo linaisukuma hewa ipande zaidi. Wingu linajilisha lenyewe.

Wingu la kuogopa

Dalili ya mvua ni mawingu, wazee wamesema kweli, ila si kila wingu.

Mawingu madogo yenye kitako bapa yaliyo mapana kuliko marefu hayana neno; hewa inapanda kidogo na kuishia njiani. Mawingu membamba ya juu kabisa ni barafu tupu, hayakunyeshei wewe. Kazi ipo pale wingu linapokuwa refu kuliko upana wake kabla ya adhuhuri. Litazame bila kuondoa macho kwa muda wa kunywa kikombe cha kahawa. Kichwa chake kikiwa na kingo kali na kinaendelea kufura, hewa ndani yake inapanda kwa nguvu. Kichwa kikianza kuwa bapa na kusambaa pembeni, limefika dari ya tabaka la chini la anga, ambayo kwetu sisi wa ikweta iko kilomita 16 au zaidi, karibu mara mbili ya ile ya nchi za baridi kali. Hilo sasa ni wingu la radi.

Na hapa nawaomba vijana wa boti wanisikilize sana. Hatari ya wingu hilo haianzi na mvua, inaanza na hewa inayoshuka. Matone mazito yanapoanguka yanaikokota hewa, na mengine yanavukizwa njiani na kuipoza. Hewa hiyo baridi inaporomoka, inagonga bahari, inasambaa pande zote kwa kasi. Chomboni utaona mambo haya: upepo uliokuwa ukivuma unakufa ghafla, bahari chini ya wingu inageuka nyeusi na mstari wa povu unakuja, kisha unapigwa usoni na upepo baridi kutoka upande wa wingu. Upepo ukifa tu huku wingu liko karibu, tua tanga. Usingoje uone mstari. Anayengoja anapigwa tanga likiwa juu na foromali, ule mti unaobeba tanga, imekaza, na chombo kinalala ubavu.

Radi ihesabu. Ukiona umeme hesabu sekunde mpaka ngurumo, gawa kwa tatu, umepata umbali kwa kilomita. Sekunde zikiwa chini ya 30, radi inaweza kukufikia. Nenda nchi kavu ukaingie nyumbani, na si chini ya mnazi wala kando ya mlingoti.

Vimbunga vile vikubwa vya kuzunguka mara chache sana hutukaribia. Vinahitaji ule mpindo wa mzunguko wa dunia, na karibu na ikweta mpindo ni hafifu mno, hivyo kwa kawaida huzaliwa nje ya nyuzi 5. Kimbunga kilichoitwa Gati kiliipiga Somalia Novemba 2020; kile cha Hidaya kikatua Tanzania karibu na Mafia Mei 2024. Sisi tuko katikati. Lakini mawimbi yao husafiri, basi tahadhari ya Idara ya Hali ya Hewa ikitoka wakati kimbunga kiko Tanzania, chombo kibaki kamba gatini.

Kanieneo ya hewa, kwa ufupi

Baadhi ya simu zina barometa ndani yake, yaani kipimo cha kanieneo, mgandamizo wa hewa. Kwenye usawa wa bahari wastani wa dunia ni milibari 1013. Usishtuke ukiiona inacheza: nchi zetu kanieneo hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, ikifika juu saa nne asubuhi na saa nne usiku, na chini saa kumi alasiri na saa kumi alfajiri. Mchezo wenyewe ni kama milibari 3. Kwa hiyo soma saa ile ile kila siku, ulinganishe na jana. Kwetu barometa haina maneno mengi kama ilivyo Ulaya. Leso na mawingu vitakuambia mapema zaidi.

Kutoka siku hadi miaka

Simika kijiti wima uwanjani. Karibu tarehe 15 Machi, saa sita na dakika 25 mchana, kivuli chake Lamu kinatoweka. Jua liko utosini. Litarudi utosini karibu tarehe 28 Septemba. Mahali jua linapochoma zaidi ndipo hewa inapopanda zaidi, na ukanda huo wa makutano ya pepo hulifuata jua ukichelewa majuma kadhaa. Unatupita ukienda kaskazini, tunapata masika ya Aprili na Mei. Unarudi kusini, tunapata vuli ya Oktoba mpaka Desemba. Wazee walilifuata hili kwa kuhesabu miongo, siku kumi kumi tangu Siku ya Mwaka, mwanzo wa mwaka wa Kiswahili, na kwa kilimia, lile kundi la nyota: kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua.

Vuli ndiyo inayoyumba zaidi mwaka hadi mwaka, na sababu iko baharini. Mwaka 1999 wanasayansi waliokuwa Japani walieleza jinsi Bahari ya Hindi inavyobembea: mwaka mmoja maji ya upande wetu yanakuwa na joto kuliko kawaida na ya upande wa Indonesia yanapoa, mwaka mwingine kinyume chake. Maji yetu yakiwa moto, hewa inapanda kwetu. Hivyo ndivyo ilivyokuwa 1997, 2019 na 2023, na Novemba 2023 mto Tana ulivunja kingo. Maji ya Indonesia yakiwa moto, hewa inapanda kule na kushuka kwetu. Kuanzia mwisho wa 2020 mpaka mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilifuatana ikishindwa katika sehemu kubwa ya mashariki na kaskazini mwa Kenya, Somalia na Ethiopia.

Juu ya hayo yote kuna badiliko la polepole. Hewa ni nitrojeni asilimia 78 na oksijeni 21, na hizo mbili hazizuii joto la ardhi lisipotee angani usiku. Wanaolizuia ni wachache: mvuke na hewa ukaa hasa. Bila gesi hizo wastani wa joto la dunia ungekuwa karibu nyuzi 18 chini ya sifuri, badala ya 15 juu yake. Hewa ukaa ilikuwa sehemu 280 katika milioni kabla ya viwanda; vipimo vilivyoanzishwa na Charles David Keeling kule Mauna Loa mwaka 1958 sasa vinapita 420. Kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka, hewa huweza kubeba mvuke karibu asilimia 7 zaidi. Yale mafuta ya dhoruba yanaongezeka. Mimi hili linaniumiza, kwa kuwa kisima cha mji huu ni mchanga. Vilima vya Shela vilivyojengwa na upepo ndivyo vinavyonyonya mvua na kutuhifadhia maji matamu. Mvua ya taratibu huzama mchangani ikakaa. Mvua ya pigo moja baada ya kiangazi kirefu haitutunzii vivyo hivyo, na kila kilima kinachojengwa nyumba kinapunguza mahali pa kuipokelea.

Mwisho, jifunze kuusoma utabiri wa msimu. Idara huutoa kabla ya masika na kabla ya vuli, ukiwa na mafungu matatu: juu ya wastani, karibu na wastani, chini ya wastani. Ukisikia uwezekano wa juu ya wastani ni asilimia 50, nusu iliyobaki bado ipo. Tazama pia wanasema nini kuhusu joto la Bahari ya Hindi. Kama upande wetu una joto, ninyi wa visiwa vya Kiwayu na Ndau safisheni jabia, yale mabirika ya kukusanyia maji ya mvua, na kuziba nyufa kabla ya katikati ya Oktoba, na mwenye samaki wa kuanika Novemba atafute banda. Kama joto liko Indonesia, jabia lisafishwe vile vile, lakini maji yaliyomo yaanze kupimwa kwa ndoo sasa, kabla vuli haijaonyesha uso wake.